Kona ya Fundi: Rifarensi ya volti ikihama, kila kipimo kinahama nayo

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa mafundi wa sola na vijana wanaosomea elektroniki huku kwetu pwani, Lamu na Malindi, na ukizipanga pamoja unaona karibu zote zinauliza kitu kimoja, mbona kifaa changu asubuhi kinasema hivi na mchana kinasema vile. Basi nimeamua toleo hili liwe la chipu moja tu, rifarensi ya volti, ile chipu ndogo ambayo kazi yake ni kutoa volti moja isiyobadilika ili vingine vyote vipimwe kwayo. Hili ndo jiwe la mizani la kifaa chako, jiwe likiwa jepesi basi kila kilo iliyouzwa siku hiyo ni pungufu hata mizani iwe mpya vipi. Barua nimezifupisha, mnisamehe.

SWALI: Assalamu alaikum mwalimu. Mimi ni fundi wa sola hapa Shela, Lamu. Nimemtengenezea mteja wa nyumba ya wageni kifaa cha kuonyesha volti ya betri, nimetumia Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuandikia programu, betri ni lithiamu ya chuma na fosfeti ya volti 12.8. Asubuhi kinasoma 13.2 sawasawa na mita yangu, lakini mchana sola ikishapamba moto mita inasema 13.6 na kifaa kinasema 13.3. Nimebadilisha rizista, nimebadilisha waya, wapi. Umeme wa Arduino nautoa kwenye tundu la USB la kontrola ya sola.

JIBU: Waalaikum salaam kaka. Hapo pa mwisho ndo penye ugonjwa, kwenye tundu la USB. Arduino Uno usipoiambia kitu inatumia umeme wake wenyewe, zile volti 5, kama rifarensi, yaani inachukua volti ya betri iliyogawanywa na zile rizista zako inailinganisha na volti 5 inazodhani inazo, halafu inakupa namba kati ya 0 na 1023. Sasa hizo 5 nani kasema ni 5? Tundu la USB la kontrola halikutengenezwa kuwa kipimo, limetengenezwa kuchaji simu, likipanda kutoka 5.00 hadi 5.12 simu haijui wala haijali, lakini programu yako bado inapiga hesabu kwa 5.00, na 13.6 mara 5 gawanya kwa 5.12 ni 13.28, ndo hiyo 13.3 yako. Rizista hazina kosa kaka, ulizibadilisha bure.

Na kwa betri ya aina hiyo volti 0.3 ni kitu kikubwa sana, manake betri za lithiamu ya chuma na fosfeti volti yake inakaa karibu palepale kwa sehemu kubwa ya chaji, 13.2 na 12.9 ikiwa imepumzika ni betri mbili tofauti kabisa, moja ina chaji ya kutosha na nyingine inakaribia kuisha, mgeni wa watu anaweza kulala bila feni kwa sababu ya namba hiyo.

Una njia mbili. Ya kwanza haina gharama, ndani ya ATmega328P, chipu kuu ya hiyo Uno, kuna rifarensi ndogo ya volti 1.1. Datashiti, yaani karatasi ya kiwanda yenye sifa za chipu, inasema inaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2, wengi wakiona hivyo wanaikimbia, lakini soma vizuri, hiyo tofauti ni ya chipu moja na nyingine, ile uliyo nayo wewe ikishakuwa 1.07 inabaki karibu na hapohapo, kwa hiyo unaipima mara moja kwa mita nzuri, unaandika 1.07 kwenye programu, unapanga upya zile rizista za kugawanya volti, basi. Haitafika kwenye usahihi wa maabara ila itaishinda USB mbali sana.

Ya pili ndo ningekushauri kwa kazi ya mteja, weka chipu ya rifarensi ya nje kwenye mguu wa AREF, ule wa kupokea rifarensi ya nje. LM4040 ya volti 4.096 inatosha, iunganishe na zile volti 5 kupitia rizista ya kilo-omu 1. Kwa 5.00 inapata karibu miliampia 0.9, hata umeme ukishuka hadi 4.7 inabaki 0.6, nayo inatosha kugawana chipu na AREF, manake ule mguu wenyewe una rizista ya ndani ya kama kilo-omu 32 inayovuta kidogo. Uzuri wa 4.096 ni kwamba ngazi moja ya Arduino, yaani hatua moja ya zile namba 0 hadi 1023, inakuwa milivolti 4 kamili, hesabu zinakuwa safi. Kama tundu lako huwa linashuka chini zaidi ya hapo basi chukua ya 2.5, ni salama zaidi. Jambo moja tu ulishike: kwenye programu tangaza rifarensi ya nje KABLA ya kusoma pini yoyote, ukisoma kwanza unaunganisha rifarensi mbili ndani ya chipu na unaweza kuiua.

Na zile rizista za kugawanya volti, sikusema ni mbaya ila zinunue za filamu ya metali, zote mbili za aina moja na zikae jirani ndani ya kasha ili zikipata joto zipate pamoja. Rifarensi nzuri juu ya rizista za ovyo ni pesa umetupa.

SWALI: Mwalimu habari, mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi, nakaa Malindi upande wa Barani. Nina mradi wa kifaa cha kupima joto na nimeambiwa nichague rifarensi ya 2.5. Nimefungua datashiti tatu nikachanganyikiwa, kuna asilimia, kuna ppm kwa digrii, kuna ppm kwa mzizi wa saa elfu, kuna mikrovolti. Nianze na ipi? Halafu bandigapu na zena ipi bora?

JIBU: Dada yangu hongera kwa kufungua datashiti, wengi wanaishia kwenye picha ya miguu ya chipu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kukuuzia, kwa hiyo ile namba ya usahihi wa mwanzo, 0.1% au 0.05%, inawekwa juu kabisa ikuvute macho, na mimi nakwambia kwa miradi mingi hiyo ndo namba ya kuhangaikia mwisho. Kosa linalokaa palepale unalipima siku moja, unaliandika kwenye programu, limekwisha. Kosa linalohama na joto, na miezi, na mvua, hilo huwezi kuliandika popote, utalikimbiza mwaka mzima.

Kwa hiyo anza na ppm kwa digrii. Ppm ni sehemu katika milioni, 10,000 ndo asilimia moja. Chukua LM4040, hata ile ya daraja A yenye usahihi wa 0.1% inaruhusiwa kuhama ppm 100 kwa kila digrii. Kifaa chako kikifungwa chini ya mabati hapa Malindi usiku kiko kwenye digrii 25 na saa nane mchana ndani ya kasha kikafika 50, hiyo ni digrii 25, mara 100 ni ppm 2500, robo asilimia, kwa volti 2.5 ni milivolti 6 na kitu. Sasa REF5025 ya daraja la juu ni ppm 3 kwa digrii, digrii zilezile 25 zinakupa ppm 75, milivolti 0.19. Ukiwa na ADC, yaani kigeuzi cha volti kuwa namba, ya biti 12 ngazi moja ni milivolti 0.61, kwa hiyo ya kwanza inakupotezea ngazi kumi na ya pili hata moja haifiki. Ukiwa na biti 16, ngazi ni mikrovolti 38, hata hiyo REF5025 itakupotezea ngazi tano, na hapo ndo uone kununua ADC ya biti 16 halafu ukaiwekea rifarensi ya bei ya chini ni kujidanganya, biti za mwisho zinakuwa pambo tu.

Ila hesabu hiyo ni ya makadirio na nataka ujue kwa nini. Watengenezaji wengi wanaipata ppm kwa njia ya boksi, wanapima volti ya juu kabisa na ya chini kabisa kutoka digrii hasi 40 hadi 125, wanagawanya kwa upana wote huo. Mstari wenyewe ndani ya boksi umepinda, unaweza kuwa umelala kabisa sehemu moja na umesimama sehemu nyingine, na ile ppm 3 haikuambii kwako Malindi kati ya 25 na 50 umelala au umesimama. Ndo maana shuka chini kwenye michoro, tafuta ule wa volti dhidi ya joto, angalia sehemu YAKO ya joto, achana na ya Alaska.

Jaribu hili mezani. Washa bodi iache nusu saa, mita yenye tarakimu za kutosha iwe imeshika mguu wa kutoa volti, halafu gusa mgongo wa chipu kwa ncha ya kidole, tuliza mkono, hesabu polepole. Kwa chipu ya bei rahisi tarakimu ya mwisho itaanza kutembea, mbili, tatu, nne, ukiondoa kidole inageuka kurudi. Sasa usiangalie imefika wapi, angalia inaporudi inasimama wapi. Ikisimama hatua moja pembeni ya ilipoanzia umeiona kwa macho yako tabia ya kutorudi palepale baada ya joto, datashiti nzuri zinaiandika kwa ppm, za chipu rahisi mara nyingi zinanyamaza. Kwa kidole itakuwa ndogo hata usiione, kwa chuma cha solda ni kubwa, kwa hiyo ukishalehemu rifarensi mpya usikimbilie kuisawazisha siku hiyohiyo.

Ile ppm kwa mzizi wa saa elfu ni uzee. Saa 1000 ni kama siku 42. Mzizi maana yake chipu inahama zaidi mwanzoni halafu inapunguza mwendo, mwaka una saa 8760, mzizi wa 8.76 ni karibu 3, kwa hiyo chipu iliyoandikwa ppm 60 tegemea kama 180 kwa mwaka wa kwanza, si 60 mara 8. Watu wa vifaa vya maabara wanaiwasha rifarensi wiki kadhaa kabla ya kuisawazisha kwa sababu hiyo, wanaiacha itembee itembeavyo kisha ndo wanaandika namba. Nawe kwa mradi wako ukiweza iache imewashwa, hata chajani mwa simu, umeme wake ni mdogo.

Mikrovolti ni kelele, mtikisiko wa polepole kati ya hezi 0.1 na 10 ambao kapasita haiuondoi kirahisi. REF5025 ni mikrovolti 3 kwa kila volti, kwa hiyo 7.5 hivi kutoka juu hadi chini. Kwa kipima joto wastani wa vipimo vingi utakusaidia, usiogope. Mabadiliko ya umeme wa kuingia na ya mzigo yapo kwenye jedwali, yasome mara moja upite, ukiilisha umeme uliotulia na usiipe mzigo mkubwa hayatakusumbua. Lakini kapasita ya kutoa weka ile ile waliyosema, si ndogo si kubwa mno, zipo rifarensi zinaanza kupiga kelele zenyewe ukizipa kapasita isiyo yake.

Bandigapu au zena? Bandigapu inachukua volti ya beisi na emita ya transista inayoshuka kama milivolti 2 kwa kila digrii, inaijumlisha na nyingine inayopanda na joto, zikilingana zinaua kupanda na kushuka, unabaki na volti 1.2 hivi iliyotulia. Mbunifu wa chipu Bob Widlar aliitumia kwenye LM109 mwaka 1969 na Paul Brokaw akaja na saketi yake maarufu 1974, na mpaka leo rifarensi nyingi za volti ndogo ni watoto wa hao wawili. Zena ni diodi inayoshika volti moja umeme ukipita kinyume, na nzuri ni ile iliyofukiwa, yaani pale umeme unapovunjia njia ni chini ya uso wa silikoni ambako uchafu haufiki, kwa hiyo inatulia zaidi na haina kelele nyingi, ila inataka kama volti 7 yenyewe kabla hujaanza, na wewe una volti 5. Kwa hiyo kwako ni bandigapu dada, hakuna mjadala.

SWALI: Naomba kuuliza, naweza kung'oa chipu ya TL431 kwenye chaja mbovu nikaitumia kama rifarensi? (Msomaji, Mambrui)

JIBU: Kwa kukata chaji, kuwasha taa ya onyo, kuendesha pawa saplai, itumie bila wasiwasi, ndo kazi yake, ipo kwenye chaja nyingi imeketi karibu na optokapla, chipu inayopitisha ishara kwa mwanga. Ni volti 2.495, zingine asilimia 2, zingine 1, zingine nusu, angalia herufi za mwisho. Ipe angalau miliampia 1 la sivyo haishiki. Kapasita juu yake angalia mchoro wa datashiti, kuna ukubwa wa katikati unaifanya iyumbe, ama weka ndogo sana ama kubwa ya kutosha. Kupimia usiitumie, inahama na joto.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee mstaafu hapa Malindi, nilikuwa fundi redio zamani. Kijana wangu kaniletea bodi ndogo ya AD584 ya kukagulia mita, ina volti 2.5, 5, 7.5 na 10, na karatasi imeandikwa kwa kalamu 10.004. Mita yangu inasema 10.03. Nani muongo?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa ushahidi uliopo hakuna muongo, na hilo ndo gumu lake. Tazama kwanza herufi juu ya chipu. AD584 ya daraja J ikitoka kiwandani inaruhusiwa kukosea milivolti 30 kwenye 10, K ni 10, L ni 5, na kwa joto J ni ppm 30 kwa digrii, K ni 15. Upande wa mita, ya kawaida ya tarakimu tatu na nusu inaandikwa asilimia 0.5 na tarakimu 3, kwenye renji ya 20 tarakimu moja ya mwisho ni milivolti 10, kwa hiyo ni milivolti 50 jumlisha 30, themanini. Mita yako imekosa kwa 26 tu, iko ndani ya haki yake. Na ile karatasi sawa, mtu kapima, lakini kapima kwa mita ipi, siku ya joto gani, mita hiyo nayo ilikaguliwa lini? Haikusema. Namba ya kalamu bila hayo ni habari ya mtu tu.

Bodi hiyo itakufaa sana kwa kitu kingine mzee. Iwashe nusu saa kila mwezi, saa ileile ya asubuhi wakati joto ni lilelile, andika daftarini mita inasema nini. Umeme wa kuingia uzidi 10 kwa volti kadhaa, 15 hivi. Mwezi ambao 10.03 itakuwa 10.06 utajua kuna kitu kimehama, na ukiwa na mita ya pili utajua ni kipi. Ukitaka namba yenyewe ya kweli basi ni maabara ya vipimo, KEBS, shirika la viwango la Kenya, Nairobi wanayo, wanakupa cheti chenye thamani na kiasi cha shaka yake. Wewe wa redio za zamani utakumbuka seli ya Weston, volti 1.0183, ilivyokuwa haitakiwi kutikiswa wala kuvutwa umeme. Dunia iliiacha rasmi 1990 ikahamia kwenye kipimo cha Josephson kinachopatikana kwa masafa ya mawimbi (hezi) na baridi kali, na kila volti tunayoisema leo inapaswa kufuatika mpaka huko.

SWALI: Kaka, kifaa changu cha kupima chumvi ya maji kinakaa sawa kaskazi yote, ikiingia mvua ya masika kinaenda kombo, mvua ikiisha kinarudi chenyewe. Chipu imezeeka? (Fundi, Lamu mjini)

JIBU: Uzee haurudi nyuma kaka. Kinachokwenda na kurudi na mvua ni unyevu, na hili linaniuma kwa sababu datashiti nyingi halipewi nafasi na sisi wa visiwani ndo linatupiga zaidi kuliko mtu wa Nairobi. Ile plastiki nyeusi ya chipu inanyonya unyevu wa hewa, inavimba kidogo sana, ikivimba inakandamiza silikoni iliyo ndani, na silikoni ikikandamizwa transista zake zinabadilika na volti inahama. Bodi yenyewe ya faiba nayo inanyonya, inajipinda, inaivuta chipu kwa miguu yake. Siku kavu zikirudi maji yanatoka na volti inarudi karibu na ilipokuwa. Inachukua siku nyingi, ndo maana unaona ni mambo ya msimu.

Halafu juu ya hapo kuna chumvi. Chumvi kavu haipitishi umeme, chumvi yenye unyevu inapitisha, na mabaki ya flaksi, ile dawa ya kulehemu, yanaishika. Kwa hiyo anza na bei rahisi, osha bodi kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, hasa katikati ya miguu ya rifarensi, ikaushe kwa joto dogo masaa kadhaa, kisha paka vanishi ya bodi. Vanishi itazuia chumvi vizuri lakini unyevu itauchelewesha tu, usije ukadhani umemaliza. Ukitengeneza bodi mpya weka chipu karibu na ukingo na uchonge mfereji pande tatu kuizunguka ili bodi ikijipinda isiivute. Na kama kazi ni ya maana nunua rifarensi yenye kasha la chuma au kauri lililozibwa, LTC6655 kwa mfano ipo ya plastiki na ipo ya kauri, bei ni juu lakini masika haiijui. Kuongeza kasha la nje lililozibwa na pakiti za kukausha ndani kunasaidia pia, mradi ukumbuke kuzibadilisha.

SWALI: Nimepata rifarensi ya LM399 kwenye mita ya maabara iliyotupwa. Nikiiwasha inakuwa moto haishikiki. Mbovu? (Malindi)

JIBU: Nzima, na umeokota mali. Hiyo ina hita ndani, inajipasha yenyewe hadi kama digrii 90 na kukaa hapohapo, joto la nje lipande lishuke yeye hajui, ndo sababu inafika ppm 1 kwa digrii au chini ya hapo na ndo inayotumika ndani ya mita kubwa kama HP 34401A. Ni zena iliyofukiwa, inatoa karibu volti 6.95, na iliyokwishatumika miaka imeshamaliza kuhama kwake kwingi, kwa hiyo usiione ni kuukuu. Hita inakula kama miliwati 300 kwenye chumba cha digrii 25, iweke kwenye umeme wa ukutani usiiweke kwenye betri ndogo. Iache miguu yake mirefu, usiipitishie upepo wa feni, manake pale miguu inapokutana na shaba ya bodi joto likitofautiana upande na upande kunazaliwa mikrovolti za bure. Na ile kofia ya plastiki iliyoivaa usiivue, imewekwa kuzuia hewa isiipoze.